Jiko la Kuni Litoshane na Sufuria



Vikundi vinapoanza mradi wa majiko, swali la kwanza huwa ni hili: "Jiko zuri ni lipi?" Sisi tunapenda kuanza na swali lingine: "Wewe unapikia sufuria gani?" Jiko linaweza kuwa limetengenezwa na fundi hodari, lina chungu kizuri cha ndani na rangi ya kupendeza, na bado likafika nyumbani na kushindwa kazi kwa sababu halitoshani na sufuria ya nyumba hiyo. Mama hulijaribu wiki moja, wiki ya pili anarudi kwa mafiga matatu, na jiko linabaki kona ya nyumba kuku wakitagia humo.

Hapo pesa za merigoraundi zimepotea. Msichana bado anatumwa kuni jioni badala ya kukaa na vitabu vyake. Moshi nao uko pale pale. Ndiyo sababu katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka haraka: ukubwa wa jiko.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Kuni si za bure, hata pale ambapo hakuna anayelipa shilingi. Zinalipwa kwa saa za kutembea, kwa mgongo na shingo, na kwa miti iliyokwisha kwenye vilima. Moshi nao tunaulipia kwa afya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa magonjwa yanayoletwa na moshi wa majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huo huleta homa ya mapafu kwa watoto, na kwa watu wazima huharibu mapafu, moyo na macho. Anayeumia zaidi ni yule anayekaa karibu na moto: mama, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Jiko lenye kipimo kizuri husaidia pande zote mbili. Kuni zinawaka vizuri, kwa hiyo moshi ni kidogo. Na joto linaingia kwenye chakula, kwa hiyo kuni zinazohitajika ni chache.

MAJIKO TULIYO NAYO KENYA

Mafiga matatu kila mtu anayafahamu. Yana sifa zake na tusiyadharau: hayanunuliwi, yanakubali sufuria yoyote kwa kusogeza jiwe tu, na yanatoa joto na mwanga. Lakini upepo huchukua moto kando, na sehemu kubwa ya joto inakwenda hewani bila kugusa sufuria.

Jiko la udongo la kujengea, ambalo wengi wanaliita Jiko Kisasa, au Upesi kwa watu wa magharibi, ni chungu kilichochomwa ambacho kina mlango mmoja wa kuni na vishikio vya kuweka sufuria. Chungu hicho hujengewa jikoni kwa mawe na udongo. Kazi ya kulisambaza ilianza miaka ya 1980, na Maendeleo ya Wanawake walikuwa mstari wa mbele pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ. Lipo pia la kubebeka, ambalo chungu chake kimevishwa bati.

Jiko la roketi lina mlango mdogo wa kuni chini na shimo linalopanda juu kama bomba fupi, likiwa limezungukwa na kitu chepesi cha kuzuia joto lisitoroke. Wazo hili lilianzishwa na Larry Winiarski wa Marekani mwaka 1982. Hapa kwetu mafundi hulijenga kwa matofali au kwa udongo, lenye tundu moja au mawili, na mengine yana bomba la moshi.

Jiko la makaa lenye kauri ndani, lile lenye kiuno chembamba, pia ni la miaka hiyo ya 1980. Hilo ni la makaa, na halikutengenezwa kwa kuni. Ukilishindilia kuni litajaa moshi na kauri itapasuka. Hatutalizungumzia zaidi leo.

MOTO UNAFANYAJE KAZI

Kabla ya kuchukua kipimo, tuelewe mambo matatu.

La kwanza, joto huingia kwenye sufuria pale ambapo moto na hewa ya moto vinaigusa. Sufuria ikiwa ndogo kuliko mdomo wa jiko, ndimi za moto hupanda kando yake na kwenda zao darini. Unaona moto mwingi, unadhani jiko lina nguvu, kumbe unapasha paa.

La pili, sufuria ikiwa kubwa mno kwa jiko dogo, moto unagusa katikati tu. Chakula cha katikati kinaungua na cha kando ni kibichi. Mama anaongeza kuni ili jiko lifanye haraka, mlango unajaa, hewa inakosa nafasi ya kupita, na badala ya moto unapata moshi. Jiko lile lile linalosifiwa kwa jirani linalaaniwa kwako, na tofauti ni sufuria tu.

La tatu, jiko zito la udongo na mawe hula joto la kwanza lenyewe kabla ya kukupa. Ukipika chai ya dakika kumi na kuzima, joto kubwa limebaki kwenye udongo. Ukipika githeri kwa saa tatu, hasara hiyo haionekani sana. Ndiyo maana karibu na moto panafaa vitu vyepesi vyenye vitundu vya hewa, kama majivu, mawe mepesi yanayoelea majini, au udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Udongo mzito na mawe vikae upande wa nje, vishike jiko lisimame imara.

HATUA YA KWANZA: PIMA SUFURIA

Watu wengi huhesabu vichwa: "Sisi ni wanane, tupeni jiko kubwa." Kuhesabu watu ni mwanzo mzuri, lakini hakutoshi. Kuna nyumba ya watu wanane ambayo hupika ugali mara mbili katika sufuria ya wastani, na kuna nyumba ya watu watano ambayo hupika githeri ya siku mbili katika sufuria kubwa. Linalokaa juu ya jiko ni sufuria, basi sufuria ndiyo ipimwe.

Fanya hivi. Kwa wiki moja, angalia ni sufuria ipi inapanda motoni mara nyingi zaidi. Weka alama kwa makaa ukutani kila inapotumika. Mwisho wa wiki utaona sufuria moja au mbili zimeshinda zingine zote. Hizo ndizo sufuria zako za kila siku.

Sasa chukua uzi na upime upana wa tako la sufuria hiyo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ukipitia katikati. Katika nyumba nyingi tako hilo huwa kati ya sentimita 20 na 30. Nenda na uzi huo kwa fundi au sokoni. Usiende na kumbukumbu ya kichwani, maana sufuria iliyo mbali macho huipunguza au kuiongeza.

Unapolijaribu jiko, tazama mambo haya:

1. Tako la sufuria lifunike mdomo wote wa moto na kuuzidi kidogo pande zote.

2. Sufuria ikae juu ya vishikio, na kati ya tako lake na ukingo wa jiko pabaki nafasi ya kama unene wa kidole, yaani sentimita 1 hivi au zaidi kidogo. Nafasi hiyo ndiyo njia ya moshi. Ikizibwa kabisa moshi hurudi mlangoni na kukujia usoni. Ikiwa kubwa sana, joto hutoroka.

3. Ukiwasha, ndimi za moto zilambe tako la sufuria, zisipande kando hadi kwenye mkono wako.

Wengine huongeza mkanda wa bati au ukuta mfupi wa udongo unaozunguka sufuria, ukiacha nafasi ya sentimita 1 hivi pande zote. Hewa ya moto inabanwa ipite ikigusa ubavu wa sufuria. Ni njia nzuri sana ya kuokoa kuni, lakini ujue kwamba mkanda huo unakubali sufuria ya kipimo kimoja. Kwa nyumba yenye sufuria moja ya kila siku, unafaa. Kwa nyumba inayobadilisha sufuria kila mara, utaudhi.

Na wale wanaopikia chungu cha udongo chenye tako la mviringo, tafadhali mjaribu jiko kwa chungu chenyewe. Chungu huzama kati ya vishikio na kuziba mdomo wa moto, hata kama upana wake ni ule ule wa sufuria.

SUFURIA YA MATANGA ISIPIME JIKO LA KILA SIKU

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu anasema, "Nataka jiko kubwa, maana wageni wakija, au kukiwa na matanga au harusi, nitapika wapi?" Kwa hiyo ananunua jiko la sherehe, ambazo labda ni mara tatu kwa mwaka, na siku zingine zote za mwaka analipa kuni za ziada akipikia watu sita.

Shauri letu ni hili: jiko la nyumbani lipimwe kwa chakula cha kila siku. Siku ya wageni wengi, mafiga matatu ya nje yangalipo, hayakwenda mahali. Tena kikundi kinaweza kuwa na jiko moja kubwa la kubebeka, la sufuria ya debe moja au zaidi, linalokaa kwa mweka hazina na kuazimwa na wanachama au kukodishwa kwa majirani. Jiko moja la namna hiyo linahudumia kijiji, na kikundi kinapata senti kidogo.

HATUA YA PILI: UNAPIKA NINI?

Ugali unataka moto wa nguvu kwa muda mfupi, na unataka jiko lisilotikisika. Mwiko unasukuma sufuria kwa nguvu. Jiko refu, jepesi, lenye miguu myembamba linaweza kupinduka na maji moto kummwagikia mama au mtoto. Kama nyumba yako ni ya ugali kila siku, jiko la kujengea ni salama zaidi, au la kubebeka lililo pana chini na lenye vishikio vinavyobana sufuria.

Githeri, muthokoi na maharagwe vinataka moto mdogo wa saa nyingi. Jiko lenye mlango mkubwa halikubali moto mdogo kwa urahisi, maana mkono unajaza nafasi iliyopo. Kumbuka pia kwamba maji yakishaanza kuchemka hayazidi kupata moto hata ukiyapelekea kuni za mkokoteni mzima. Yanageuka tu kuwa mvuke. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula joto kama mara saba ya lile la kuyafikisha kuchemka kutoka ubaridi wa mtungini. Kwa hiyo chakula kikishachemka, vuta kuni nyuma na ufunike sufuria. Kwa watu wa nyanda za juu kama Molo au Nyahururu, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na ndiyo maana maharagwe huko huchukua muda mrefu kuliko Mombasa. Kuyaloweka usiku kucha kunasaidia kote.

Chapati zinataka joto linaloenea chini ya kikaango chote. Kama unapika chapati za kuuza, jaribu jiko kwa kikaango chako kabla ya kununua.

Chai ya asubuhi inataka jiko linaloamka upesi. Hapa jiko jepesi linashinda. Siku hizi nyumba zingine zina mtungi mdogo wa gesi kwa ajili ya chai. Kama ni hivyo kwako, basi chai usiihesabu. Pima jiko la kuni kwa ugali na githeri.

Nyumba yenye mapishi mawili kwa wakati mmoja, kwa mfano ugali na mboga, itafurahia jiko la matundu mawili. Lakini jiulize: je, tundu la pili litakuwa na sufuria kila mara? Tundu lililo wazi ni dirisha la joto kutoka. Kama mboga hupikwa kwanza na ugali baadaye, tundu moja linatosha.

HATUA YA TATU: TAZAMA JIKO LAKO LIKO WAPI

Katika sehemu za baridi kama Kinangop au Limuru, moto wa jikoni ni blanketi ya familia. Jiko linalookoa kuni hutoa joto kidogo chumbani, maana joto limeingia kwenye chakula. Tuseme wazi tangu mwanzo, ili mtu asije akalalamika kwamba jiko "halina moto". Huko jiko zito la kujengea lina faida, kwa kuwa udongo wake hubaki na uvuguvugu baada ya kupika. Kununua jiko kubwa zaidi ili lipashe nyumba ni njia ghali ya kuota moto, na moshi unaongezeka pamoja na kuni.

Katika sehemu za joto, kama pwani na kando ya ziwa, wengi hupikia nje au chini ya kibanda. Huko jiko la kubebeka linafaa, ila lipate kizuizi cha upepo.

Tazama pia chumba chenyewe. Jikoni kudogo kusikokuwa na dirisha, hata jiko zuri litaacha moshi. Toboa dirisha, na uache nafasi kati ya ukuta na paa. Ukitaka bomba la moshi, lipite juu ya paa kabisa, na masizi yaondolewe mara kwa mara. Kwa paa la nyasi, bomba la moto ni hatari kubwa. Hapo heri kupanua madirisha au kujenga jikoni ya bati kando.

MLANGO WA KUNI: MDOGO KULIKO UNAVYODHANI

Kwa jiko la roketi la familia ya kawaida, mlango wa sentimita 12 kwa 12 unatosha. Watu wakiambiwa hivyo hucheka na kusema ni mdogo kama mlango wa panya. Lakini mlango huo unachukua kuni mbili au tatu zilizopasuliwa, na hizo ndizo zinazohitajika. Shimo linalopanda liwe na upana huo huo wa mlango, na urefu wake uwe kama mara tatu ya upana. Kwa majiko ya shule na hoteli, mlango na shimo huongezwa pamoja. Ukipanua mlango peke yake unaharibu mpango wote, kwa kuwa hewa baridi nyingi inaingia na kuupoza moto.

Kuni zikae juu ya rafu ndogo mlangoni, na chini ya rafu pabaki wazi ili hewa ipite chini ya kuni. Zisukume ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua. Anayeshindilia mlango mpaka juu amelifunga jiko pumzi.

Jambo hili linahitaji shoka. Jiko la kipimo kizuri haliwezi kula gogo. Kuni zipasuliwe ziwe za unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, na zianikwe mpaka zikauke kabisa. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake mwenyewe. Kama nyumba yako haina mtu wa kupasua kuni, zungumzeni jambo hilo kabla ya kununua. Wazee na vijana wa kiume, kazi hiyo ni yenu pia. Jiko ni la nyumba nzima.

NYUMBA TATU ZA MFANO

Tuchukue nyumba tatu tuone hesabu inavyokwenda.

Nyumba ya kwanza ina bibi na wajukuu wawili. Sufuria yao ya kila siku ina tako la sentimita 20. Wanapika uji, chai, na ugali mdogo. Hapa jiko dogo la tundu moja linatosha, na kwa kuwa bibi hana nguvu za kuinama sana, lijengwe juu ya meza ya udongo ya kimo chake. Jiko kubwa hapa litakuwa mzigo, maana kuni huletwa na watoto hao hao.

Nyumba ya pili ina baba, mama na watoto watano. Sufuria ya ugali ina tako la sentimita 26, na ya mboga sentimita 20. Mboga hupikwa kwanza, kisha ugali. Tundu moja la kipimo cha wastani litafaa, bora mdomo wa moto uwe mdogo kuliko tako la ile sufuria ya mboga. Sufuria kubwa ikae juu ya jiko hilo hilo bila shida. Kanuni ni hii: mdomo wa moto upimwe kwa sufuria ndogo inayotumika kila siku, na nguvu na uimara wa jiko vipimwe kwa sufuria kubwa inayotumika kila siku.

Nyumba ya tatu ni ya watu kumi na wawili, pamoja na wafanyakazi wa shamba. Wanapika githeri katika sufuria ya nusu debe na chai katika sufuria nyingine wakati huo huo. Hapa matundu mawili yana haki yake. Au wawe na majiko mawili: moja kubwa la githeri, na moja dogo la chai na uji wa mtoto. Majiko mawili ya vipimo tofauti mara nyingi hushinda jiko moja kubwa, kwa sababu siku ya mapishi madogo unawasha lile dogo tu.

KABLA YA KULIPA

Ukishajua kipimo, kagua mali. Gonga chungu cha ndani kwa kidole. Kilichochomwa vizuri hulia kama kengele, na kilicho na ufa au kibichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Angalia vishikio vyote vitatu kama viko kimo kimoja: weka sufuria yenye maji uone kama maji yamelala sawa. Koroga kwa mwiko kama unasonga ugali, hapo hapo sokoni, usione aibu. Jiko likitikisika kwa fundi, nyumbani litapinduka.

Kwa jiko la kujengea, usiwashe moto mkali mapema. Acha udongo ukauke kama wiki mbili, kisha uanze na moto mdogo. Haraka hapa huleta nyufa.

PIMA KUNI KWA SIKU SABA

Mafundi husema jiko lao huokoa theluthi moja ya kuni, au hata nusu. Inawezekana, lakini usiamini mdomo wa mtu, pima mwenyewe. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia majani chai. Pima rundo la kuni mwanzo wa wiki, pika kama kawaida kwa siku saba, kisha pima zilizobaki. Fanya hivyo kwa jiko la zamani, halafu kwa jiko jipya baada ya kulizoea.

Tuseme wiki ya mafiga matatu ulitumia kilo 42, na wiki ya jiko jipya kilo 28. Umeokoa kilo 14 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ni kilo 728. Kama mzigo mmoja wa kichwani ni kilo 28, hiyo ni mizigo 26. Safari 26 ambazo mama au msichana hakwenda. Kama unanunua kuni, zidisha kwa bei ya kwenu uone jiko litajilipa kwa miezi mingapi.

Hesabu yako ikionyesha tofauti ndogo au hakuna, usilitupe jiko. Tazama kwanza: je, sufuria inafunika mdomo? Kuni ni kavu? Mlango umeshindiliwa? Mara nyingi dawa iko katika hayo matatu.

KAZI YA KIKUNDI

Kikundi chenye wanachama ishirini kikiagiza majiko ishirini ya kipimo kimoja kwa sababu fundi amepunguza bei, wengine watafaidika na wengine wataumia. Heri mwendo huu:

- Kila mwanachama alete mkutanoni kipimo cha uzi cha sufuria yake ya kila siku, idadi ya watu nyumbani, na chakula kinachopikwa zaidi.

- Katibu aandike yote katika daftari. Mtaona vipimo vinajigawa katika mafungu mawili au matatu.

- Nunueni kwanza jiko moja la kila fungu. Wapeni wanachama watatu wayatumie kwa mwezi mmoja na kupima kuni. Chagueni wale wanaosema ukweli hata kama haupendezi.

- Baada ya kusikia habari zao, ndipo muagize mengine, na mkubaliane na fundi kwa maandishi kwamba jiko lililopasuka mapema litabadilishwa.

- Mwanachama atakayelitumia jiko awepo siku ya kuchagua. Jambo hili ni kwa wanaume wanaowanunulia wake zao jiko bila kuuliza. Anayesonga ugali ndiye anayejua mkono wake unafika wapi.

Na tusisahau kwamba jiko halioti kuni. Hata linalokula kidogo lazima lilishwe. Mradi wa majiko uende pamoja na mradi wa miti: mukima mpakani mwa shamba, calliandra kwenye kingo za matuta, mvinje kwa watu wa pwani. Mkaratusi ni mzuri kwa kuni, lakini uwekwe mbali na chemchemi na mito, maana unakunywa maji mengi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, ni sufuria gani inapanda motoni mara nyingi zaidi kwa wiki? Tako lake ni sentimita ngapi?

2. Je, kuna jiko katika kijiji chetu lililonunuliwa na halitumiki? Tumwulize mwenyewe kwa upole ni kwa nini. Je, shida ilikuwa ni kipimo?

3. Nani anapasua kuni nyumbani kwetu, na nani anazibeba?

4. Kikundi chetu kinaweza kuwa na jiko moja kubwa la pamoja kwa ajili ya matanga na harusi? Nani atalitunza?

Vikundi vitakavyopima kuni kwa siku saba, tunaomba mtuletee hesabu zenu, nzuri na mbaya. Tungependa zile za jiko lililoshindwa hasa, kwa sababu kikundi cha ng'ambo ya mto kinaweza kuokoa pesa zake kwa kuzisoma. Tunawatakia mapishi mema, na macho yasiyotoka machozi.